Hodi ya Tangi la Tatu

Asubuhi ile hodi haikusikika kwenye tangi la tatu.

Bi Skrini alikuwa amekwisha kaa kwenye chumba cha paneli za kuongozea mitambo, kikombe cha chai mkononi, akisubiri bila kujua kwamba anasubiri. Kila siku zamu ya asubuhi ilipoanza, kaka yake alipita chini ya tangi la tatu, akachomoa spana mfukoni na kuigonga valvu ya mvuke: ko, ko, ko. Juu ya jukwaa Mama Povu, mpishi wa sabuni, alijibu kwa sauti ya kuzishinda mashine zote, "Karibu! Kama umekuja mikono mitupu, rudi ulikotoka!" Watu walicheka, na siku ikaanza. Mchezo huo ulikuwa wa miaka mingi, hata hakuna aliyekumbuka ulivyoanza.

Siku hiyo chai ilipoa. Mama Povu aliinama ukingoni mwa jukwaa akaita kuelekea dirisha la chumba cha paneli.

"We Bi Skrini! Kaka yako leo kagoma, au kapata mke mwingine?"

"Atakuwa kalala," alijibu. "Jana kifua kilikuwa kinambana."

"Kimbane tu, anipumzishe na makelele yake."

Simu ililia kabla kicheko chao hakijaisha. Alikuwa wifi yake, mke wa kaka, na hakusalimia.

"Njoo," alisema. "Alikuwa anafunga viatu. Amefunga kimoja."

Pale kiwandani kaka yake aliitwa Taratibu, na jina lilimkaa kama shati lililoshonwa kwa kipimo. Kazi yake ilikuwa kurekebisha vidhibiti. Kila tangi la kupikia sabuni lina kipimajoto ndani yake, na kila kipimajoto kinaongea na kidhibiti, kisanduku kinacholinganisha joto lililopo na joto linalotakiwa, kisha kinaamuru valvu ifungue mvuke au ibane. Valvu ikitii, joto hubadilika, kipimajoto kinatoa habari, kidhibiti kinaamuru tena. Inazunguka hivyo mchana kutwa. Kinachofanya mzunguko utulie ni namba tatu ambazo fundi anazipanga. Dada yake alipoingia kiwandani mara ya kwanza, vitabu vya chuo bado vikimchanganya, Taratibu alimweleza namba hizo kwa lugha ya nyumbani.

"Ya kwanza ni hasira. Kosa likitokea sasa hivi, unakasirika kiasi gani? Ya pili ni kinyongo. Makosa ya nyuma unayaweka rohoni mpaka lini? Ya tatu ni wasiwasi. Unaogopa yajayo kiasi gani? Mashine ni kama mume wa mtu. Hasira ikizidi, inarukaruka. Kinyongo kikizidi, haitulii maisha."

"Na wewe kwa wifi umepanga ngapi?"

"Kwa wifi yako nimeweka sifuri zote. Anaendesha mwenyewe."

Dada mtu alibaki chumba cha paneli, akitazama mistari ya joto kwenye skrini, na jina la Bi Skrini lilitoka hapo. Kaka mtu alibaki chini na mabomba. Mmoja aliona mistari, mwingine aligusa vyuma, na kati yao kiwanda kilikwenda.

Bi Skrini aliporudi kazini baada ya msiba, mstari wa tangi la tatu ulikuwa unayumba. Joto lilipanda, likapitiliza, likashuka, likapitiliza tena chini, kama meno makubwa ya msumeno. Sabuni iliyotoka ilikuwa na mabonge, na nyingine ilipasuka ilipokauka. Kila mstari ulipofika kileleni, povu lilipanda hadi mdomoni mwa tangi, pale pale Mama Povu aliposimama na mwiko wake mrefu.

Injinia mkuu, mtu mpole aliyehamia karibuni, alivuta kiti akakaa kando yake.

"Pole sana, dada. Najua si wakati mzuri. Lakini hizi namba inabidi tuziangalie upya. Naona kinachopimwa na kinachoamriwa havikubaliani."

"Namba hizi zimekaa miaka. Hakuna aliyewahi kulalamika."

"Mambo hubadilika."

"Kilichobadilika ni nini? Tangi ni lile lile, valvu ni ile ile."

Neno la siri la kufungulia kidhibiti alikuwa nalo Bi Skrini, na Injinia hakutaka kumlazimisha mfiwa. Akasema watatazama kwa siku chache. Mama Povu akaambiwa asimame mbali kidogo na mdomo wa tangi.

"Nisimame mbali, mwiko nao uote miguu?" alisema Mama Povu.

Jioni, njiani kwenda kwake, Bi Skrini alipitia nyumbani kwa marehemu. Watoto walimpokea mkoba, "Shikamoo shangazi," wakarudi kwenye mkeka wao. Nyumba ilikuwa imekosa kelele yake. Viatu vilikuwa bado pale kando ya kitanda, kimoja kimefungwa kamba, kingine kimelegea, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kuvigusa. Wifi alimtengea chakula, akakaa naye, kisha akauliza swali aliloliuliza tangu siku ya kwanza.

"Namba zake bado zipo?"

"Zipo, wifi."

"Zinafanya kazi?"

"Zinafanya."

Wifi alivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi kuna kitu chake bado kinakwenda kazini," alisema.

Baada ya hapo, nani angethubutu kuzifuta?

Povu lilifurika mchana mmoja, Mama Povu akiwa anageuka kuchukua ndoo ya magadi. Bi Skrini aliuona mstari ukipanda. Alipiga kengele, lakini valvu haikubana kwa wakati. Alisikia mlio uliokuwa wa mtu, si wa mashine, na alipotoka nje alimkuta Mama Povu amekaa kwenye ngazi ya jukwaa, wenzake wakimmiminia maji baridi kwenye mkono wa kulia, tangu kiwiko hadi vidole. Ngozi ilikuwa imeanza kuvimba.

"Usinitazame hivyo," Mama Povu alimwambia, meno yameumana. "Sijafa. Hata mkono wenyewe haukuwa mzuri."

Hakuna aliyecheka.

Siku hiyo hiyo, Injinia akiwa amesimama nyuma yake, Bi Skrini alifungua kidhibiti na kupunguza namba za kaka yake. Alipunguza hasira nusu. Alipunguza kinyongo. Vidole vilikuwa vizito kana kwamba anachimba. Kisha wakasubiri, macho kwenye skrini.

Mstari haukutulia. Uliyumba vile vile, ila sasa polepole, kama mlevi aliyechoka.

"Haiwezekani," alisema Injinia.

Bi Skrini alikuwa amekwisha zibadili namba za kaka yake, na kumbe hazikuwa na kosa.

Mama Povu alirudi kazini mkono ukiwa umefungwa bandeji, kabla daktari hajamruhusu, kwa sababu nyumbani, alisema, kuta zilikuwa zinamsengenya. Hakupewa mwiko. Alikuja kusalimia tu. Alipopita chini ya tangi la tatu alisimama, akaomba spana kwa fundi mmoja, akaishika kwa mkono wa kushoto.

"Hodi, Taratibu," alisema. "Leo nakubishia mimi."

Akagonga. Ko, ko, ko.

Ndani ya chumba cha paneli Bi Skrini alisikia, na moyo ulimdunda kabla akili haijamkumbusha kwamba aliyezoea kugonga yuko ardhini. Kisha akaona skrini. Mstari uliokuwa unapanda ulikatika kama kamba, ukashuka, ukatafuta usawa wake.

Alitoka mbio, akashuka ngazi huku akishikilia ukuta.

"Gonga tena!"

"Mwanangu, nilikuwa namkumbuka tu. Sikuwa na nia ya—"

"Gonga, mama. Nakuomba."

Mama Povu akagonga. Bi Skrini aliweka kiganja kwenye shina la valvu, ile fimbo ya chuma inayopanda na kushuka kufungua na kufunga mvuke, na kwa mara ya kwanza katika miaka yake yote ya kuitazama kwa mbali, aliihisi. Ilikuwa imenata. Ukoko wa sabuni ulikuwa umegandia humo mwaka baada ya mwaka, na chuma kilikuwa kimelika upande mmoja. Amri ilifika, fimbo ikakataa. Kinyongo kikajaa ndani ya kidhibiti, kikajaa, hadi fimbo ilipochomoka ghafla na kupitiliza. Kila spana ilipogonga, fimbo ilitetemeka na kuachia, ikapanda na kushuka kama mpya.

Aliketi sakafuni hapo hapo, mgongo kwenye bomba lenye joto.

"Alikuwa anajua," alisema.

Mama Povu alikaa naye, akipumua kwa shida. "Aliwahi kuniambia valvu inataka kubadilishwa. Injinia wa zamani akasema ikifa ndipo itabadilishwa. Basi ndugu yako akawa haiachi ife. Nami naitikia karibu, karibu, kama mjinga."

Bi Skrini alirudisha namba za kaka yake siku hiyo hiyo, jinsi zilivyokuwa, maana alizijua kwa kichwa. Mstari ulinyooka kama uzi uliovutwa pande mbili. Injinia aliutazama kwa muda mrefu.

"Mtu alikuwa sehemu ya mzunguko," alisema taratibu. "Tumeondolewa mtu, tukahangaika na namba." Akamgeukia. "Valvu mpya ipo stoo. Ni ya aina nyingine, namba hizi haitazipokea. Zilishonwa kwa mwili wa hii. Lakini sitakuharakisha. Ukisema tusubiri, tutasubiri."

"Mimi nitagonga," alisema Mama Povu toka mlangoni. "Sitaki kusikia habari ya stoo. Mkono wa kushoto ninao. Kila asubuhi nagonga, namba za mtu wetu zinabaki. Tatizo liko wapi?"

Hapo ndipo Bi Skrini alipotaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni. Aliomba aende nyumbani kwa marehemu kwanza.

Wifi yake alikuwa anakunja nguo. Alimweleza yote, tangu hodi hadi fimbo ya chuma, kwa maneno ya kawaida, na wifi alisikiliza bila kuinua uso. Alipomaliza, wifi aliendelea kukunja shati moja kwa muda, akalikunjua, akalikunja tena.

"Wiki ile tuliyotoka hospitali," alisema hatimaye. "Daktari alisema apumzike. Nikamficha viatu. Alivitafuta mpaka chini ya kabati la vyombo. Nikamwambia, mume wangu, kiwanda hakitakufa bila wewe. Akasema, tangi la tatu haliwezi kukaa siku mbili. Nikadhani anajisifu. Wewe ulikuwepo, ulicheka."

"Nilicheka."

"Kumbe alikuwa anakwenda kugonga chuma." Sauti haikupanda. "Na homa yake. Na kifua chake. Kila siku, kugonga chuma."

Watoto walikuwa wanagombania penseli chumba cha pili. Wifi aliwasikiliza kidogo.

"Huyo mama aliyeungua, ana watoto?"

"Anao. Na wajukuu."

"Akiugua, ataweza kulala nyumbani?"

Wifi aliliweka shati juu ya mengine, akalipapasa kola.

"Zitoe," alisema. "Mimi nilizitaka nilipodhani ni kazi yake. Kumbe ni kamba."

Kisha akalia, na Bi Skrini akalia naye, wote wawili wameketi kitandani, kati yao rundo la nguo za mtu ambaye hatazivaa.

Mafundi walisimamisha tangi, wakafungua valvu ya zamani na kuitupa kwenye lundo la vyuma nyuma ya boila, ikalia mara moja ilipoanguka. Mpya ilikuwa nyembamba, inang'aa, na fimbo yake ilikwenda kwa kuguswa na kidole. Bi Skrini alizipanga namba mwenyewe. Safari hii hakukaa chumba cha paneli. Alisimama chini kando ya kidhibiti, kiganja kwenye bomba, huku Injinia akimsomea mstari kutoka dirishani. Alipandisha hasira kidogo, akasubiri. Akatoa kinyongo, akasubiri tena. Wasiwasi aliuacha karibu na sifuri, kama kaka yake alivyopenda kuuacha. Kwingine kote hakuna namba iliyofanana na zake. Zile za zamani zilipofutika, skrini haikuonyesha lolote la ajabu. Tarakimu zilibadilika tu.

Kwa wifi viatu vimeondolewa kando ya kitanda. Mtoto mkubwa anavivaa siku za mvua, ingawa bado vinampwaya.

Tangi la tatu sasa linapika bila mtu kulishika wala kulibishia hodi. Asubuhi Mama Povu hupanda jukwaani, mkono wake una kovu linalofika kwenye kiwiko, hutazama kipimajoto, kisha huwasha mashine ya kukoroga.