Alama Moja ya Wakili

Barua ilibandikwa kwa pini nne, moja kila pembe, kama tangazo la serikali. Na aliyeibandika, Mungu amsamehe, alikuwa mwalimu wa Kiingereza mwenyewe.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Kwa Nini. Miaka mitatu alikuwa akiwasihi wafikiri kwa vichwa vyao, na miaka mitatu wasichana arobaini na wawili walimjibu kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu," hata siku alipowauliza kama yeye ni mjinga. Ndipo akawapa zoezi: andikeni barua ya malalamiko. Arobaini na mmoja walinakili ile ya kitabuni, wakalalamikia redio mbovu ambayo hawakuinunua. Mmoja tu, yule waliyemwita Wakili, alimwandikia mkuu wa shule. Kwa Kiingereza kilichonyooka alisema kwamba vitabu vya maktaba vilikuwa kama vyombo vya wageni: hutoka kabatini wakija wakaguzi, wakishaondoka hurudi kufungiwa.

Mwalimu aliisoma mara tatu, akapenga kamasi, akampa kumi na tisa kwa ishirini. Kisha akaipeleka kwenye ubao wa matangazo. Furaha ilimsahaulisha kwamba wakaguzi walikuwa wanakuja kesho yake.

Walikuja. Walisoma. Mmoja alicheka.

"Msichana amekiri barua ni yake," mkuu wa shule aliwaambia walimu jioni ile. "Kaiandika, kaibandika, katuvua nguo mbele za watu. Wiki mbili nyumbani."

"Si ndizo wiki za mitihani ya majaribio, mama?" aliuliza mwalimu wa hesabu.

"Ndizo. Asiyefanya majaribio hasajiliwi mtihani wa taifa. Anajua." Akageuka. "Mwalimu wa Kiingereza, una neno?"

Alikuwa nalo. Lilikaa ulimini, fupi, safi, halina kosa: nimeibandika mimi.

"Hapana, mama."

"Wanaoafiki?"

Mkono wake ulipanda wenyewe, upesi, kama wa mwanafunzi wa dawati la mbele.

"Kumi na mmoja kwa kumi na mmoja," mwalimu wa hesabu alihesabu. "Sauti moja."

Asubuhi Wakili alimkuta Mwalimu Kwa Nini darasani, sanduku la bati mkononi. Mwalimu wa darasa alipaswa kutia saini kibali cha kutoka, na mwalimu wa darasa alikuwa yeye.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Alitia saini, kalamu ilikwaruza karatasi. "Mwanangu, kwa nini hukusema ni mimi niliyebandika?"

"Niliulizwa nani kaandika, mwalimu. La kubandika sikuulizwa." Akapokea kibali. "Nilidhani wewe utaulizwa."

Nje, mlinzi aligonga geti kwa rungu. Wakili hakuondoka. Alitoa barua mfukoni, imekunjwa mara nne, kila pembe ina tundu.

"Nina swali moja tu. Ile alama moja, nilikosea wapi? Nataka nirekebishe nikiwa nyumbani."

Mwalimu aliipokea. Ukweli ni kwamba hakuwahi kumpa mtu ishirini. Aliachiwa desturi hiyo na mwalimu wake, naye hakuwahi kumuuliza kwa nini. Alifungua kalamu nyekundu, akaanza mstari wa kwanza, akashuka taratibu na kidole, akafika kwenye sahihi ya msichana.

"Ngoja," alisema.

Akarudi juu, akaanza tena.