Mashine Iliyovaa Makoti

Pale Bugarama, ukiulizia mashine ya kusaga ya Mzee Masalu, watu hawakuelekezi kwa kona wala kwa duka. Wanakuambia, "Nenda tu, utaona injini imependeza kuliko bibi harusi." Na kweli ilipendeza. Kila mjukuu alipozaliwa, Masalu alipanda gari hadi Kahama, akaingia dukani kwa Hozefa, akachagua kopo la rangi, akarudi kuipaka injini yake ya dizeli toka juu mpaka chini. Kila mtoto na rangi yake. Nkwabi, mjukuu wa kwanza, alikuwa kijani. Suzana akaja na njano, Fredy akaja na bluu. Mapacha walipozaliwa, mzee alichanganya nyekundu na nyeupe, ikatoka rangi ya fizi, na wanawake waliokuja kusaga wakacheka mpaka unga ukamwagika. Wa mwisho, Ignas, alikuwa zambarau. Tena mzee hakupaka mkono mmoja akaridhika. Alipaka mpaka kopo liishe.

"Wengine huchinja mbuzi," alikuwa akisema. "Mbuzi analiwa, anaisha. Rangi inabaki."

Mkewe, Sesilia, hakumpinga. Alikuwa mtu wa kungoja, na kumngoja Masalu alikuwa amekuzoea. Kazi yake ilikuwa kukaa pale mlangoni akipokea ndoo za watu, sikio lake likiwa kwenye injini kama sikio la mama lilivyo kwenye kifua cha mtoto mwenye kikohozi. Ndiyo maana msimu huu wa mavuno alikuwa wa kwanza kujua kwamba mashine inahema.

Ilianza kwa kuchoka jioni. Baadaye ikawa inachoka asubuhi. Inasaga debe, debe la pili inalisaga kwa kunung'unika, la tatu inazima yenyewe, imepata moto hata huwezi kuisogelea. Wanawake wakawa wanajitwisha ndoo zao tena, mahindi hayajaguswa, wanakwenda kwenye mashine ya umeme kule barabarani.

"Tutarudi, mayu," walimwambia kwa adabu ya mtu kwa mama yake.

Sesilia aliitikia, lakini alijua kwamba mguu ukishazoea njia nyingine, kuurudisha ni kazi. Na mavuno hayangoji. Mashine ikilala msimu huu, msimu ujao itakuwa kiota cha kuku. Wakati huohuo Masalu alikuwa ameshanunua kopo jingine, la rangi ya chungwa, maana binti yao wa mwisho, Rhoda, alikuwa Katoro anangoja kujifungua. Kopo lilikaa juu ya rafu, halijafunguliwa, na Sesilia kila akiliangalia alihisi joto, kama vile yeye ndiye injini.

Wakamwita fundi Cornel kutoka Geita. Akafika na pikipiki yake, akasalimia, akafungua hiki, akanusa oili, akapitisha kidole hapa na pale. Kisha akasimama akajifuta mikono taratibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona unanisalimia mara ya pili?"

"Ile ilikuwa ya kufika. Hii ni ya kukuomba usinikasirikie."

Masalu akamkazia macho.

"Injini hii haipoi kwa maji, mzee. Inapoa kwa upepo. Haya mapezi yaliyoizunguka silinda ndiyo pua zake. Upepo ukipita hapa katikati, joto linatoka. Sasa wewe umeiziba pua. Hapa kidole cha mtoto kilikuwa kinapenya. Leo hata jani la mtama halipiti."

"Rangi nyembamba hiyo," alisema Masalu. "Haifiki ganda la yai."

"Mzee, mgonjwa huyu ana homa na wewe umemvika makoti. Inabidi avuliwe yote."

Masalu akavua kofia, akakaa juu ya gunia la pumba. Alipofungua mdomo, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Hao ni wajukuu zangu. Unataka niwakwangue?"

Cornel akamtazama Sesilia. Sesilia alikuwa anapepeta unga, akaendelea kupepeta. Kubishana na Masalu ni kama kunywa uji wa moto: mwenye haraka ndiye anayeungua. Alipoona umepoa kidogo, akaweka ungo chini.

"Baba Rhoda, ganda la yai si neno la kugombania. Ni la kupima. Cornel, nipe msasa."

"Silinda usiguse," alisema Masalu.

"Silinda siigusi. Nitasugua tangi la mafuta. Tangi halina pua."

Masalu akavuta gunia lake kando kumpisha. Cornel akalifungua tangi, akamwaga dizeli, akalisafisha kwa sabuni, akampa. Sesilia akajifunga kanga puani, akalipakata lile tangi kama mtoto wa kuogeshwa, akalowesha msasa na kuanza kusugua mahali pamoja, kwa kuzungusha. Hakukandamiza. Cornel aliondoka kwenda kula akarudi, bibi bado anazungusha. Maji yaliyotiririka mkononi mwake yalikuwa ya zambarau, yakawa ya fizi, yakawa ya bluu. Alipofika kwenye chuma akamwagia maji safi ili aone, na mkono wake ukasimama.

"Baba Rhoda. Hebu njoo."

Masalu akaja amekunja uso, akidhani ni kutu. Katikati ya tangi palikuwa na doa la chuma kitupu, jeupe. Kulizunguka, duara la kijani. Kuizunguka kijani, njano. Kisha bluu, kisha fizi, na nje kabisa zambarau. Duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa.

Mzee akachuchumaa. Akaweka kidole kwenye zambarau.

"Ignas huyu."

Kidole kikaingia ndani polepole. "Mapacha. Fredy. Suzana." Kilipofika kwenye kijani kikatulia. "Nkwabi."

"Nkwabi hujamwona tangu Suzana azaliwe," alisema Sesilia. "Ulikuwa unamfunika mmoja kwa mwenzake. Leo ndiyo wamekaa pamoja."

Masalu hakuondoa kidole. Alikuwa anaangalia kijani.

"Na unene je?" Cornel akauliza kwa unyenyekevu wa uongo. "Maana ndicho tulichokuwa tunapima."

Mzee akapitisha ukucha kwenye ukingo, toka zambarau hadi kwenye chuma. Ukucha ukashuka kama unashuka ngazi.

"Ganda la yai," alisema. Kisha akaongeza, "La mbuni."

Kazi ikaanza kesho yake. Kostiki ya kulegeza rangi ilikuwepo, maana Sesilia na wenzake hupika sabuni ya vipande, na namna ya kuiheshimu aliijua: glavu mikononi, na kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, si maji kwenye kostiki, la sivyo inakurukia. Vipande vya chuma vikatumbukizwa kwenye pipa, isipokuwa tangi. Kifuniko cha feni Cornel alikiweka kando.

"Hiki ni aluminiamu. Kikiingia humo kitaliwa kama kimekutana na mchwa." Hicho wakakikwangua kwa kijiti.

Jioni rangi ilikuwa imelegea, inavutika kama utando wa maziwa yaliyochemka. Wakasuuza, wakaanika juani, wakapaka oili haraka kabla kutu haijanusa. Silinda ikatoka ya kijivu, kavu, mapezi yake yamesimama moja moja.

"Kuku aliyenyonyolewa," alisema Masalu.

"Ndiyo, lakini anapumua," alijibu Cornel.

Wakaiwasha. Sesilia akainamisha kichwa, akasikiliza debe la kwanza, la pili, la tatu, na mengine nyuma yake. Sauti ilikuwa ileile moja, haina kikohozi. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita kuelekea barabarani akasimama, akageuza ndoo yake, akaja.

"Wabeja, mayu," alisema alipopokea unga wake. Kwake ni asante. Kwa Sesilia ilikuwa zaidi.

Rhoda alijifungua mtoto wa kike kabla ya wiki kwisha. Masalu akashusha kopo kwenye rafu, akalifungua, akaizunguka injini mara kadhaa na brashi mkononi. Sesilia akamwacha azunguke. Hatimaye mzee akakaa mbele ya tangi, akaacha ukanda wa zambarau, akachora duara la chungwa kuuzunguka, akishikilia pumzi asije akamgusa Ignas. Alipomaliza, akalichungulia kopo.

"Imebaki karibu yote."

Sesilia alikuwa anafunga gunia. Hakuinua kichwa.

"Mlango nao," alisema, "hauna pua."

Siku hizi pale Bugarama ukiulizia mashine ya Mzee Masalu, wanakuambia, "Nenda tu, utaona mlango."