Bolti ya Milimita

Kosa lilikuwa langu, ingawa asubuhi nzima niliilaumu kamera. Skrubu ya stendi yangu ya miguu mitatu ilipotea, nikaokota bolti gereji hapa Karatu, nikaona inaingia. Ilipogoma nikaikaza kwa plaizi. Ndiyo tabia yangu, nikikasirika nakaza. Meno ya tundu la chini ya kamera yakasagika yote.

Mchana akaja Ngoitiko, mfugaji wa Nainokanoka, juu milimani. Mwanawe Parsimei angenyolewa nywele zake ndefu za umorani keshokutwa alfajiri, ishara ya kuingia utu uzima. Mkewe Nashipai ndiye angemnyoa, na alitaka picha kabla ya wembe. Mtoto wao wa kwanza alifariki bila kupigwa picha hata moja, na sasa sura yake ilikuwa imeanza kumpotea mama.

Nikakubali, kisha nikaogopa. Kule juu alfajiri ni ukungu mtupu na mwanga hafifu, na bila stendi picha ingetikisika. Nikaenda kwa Damiano, fundi wa gereji ileile, nikiona haya.

Aliitazama bolti, akacheka mpaka akaketi. Akaniambia hiyo ni ya milimita na kamera yangu ni ya inchi, zimekaribiana unene tu. Kisha akafunga kitambaa kwenye keekee ya kutobolea, juu kidogo ya ncha, isije ikazama hadi kwenye filamu, akapanua tundu, akachonga meno mapya, akakaza humo bushi, kipete cha shaba chenye meno ya robo inchi ndani yake. Akanitafutia na skrubu yake.

"Vidole viwili, Josephati," alisema. "Kwanza irudishe nyuma mpaka uisikie imekaa kwenye njia yake, ndipo uizungushe. Ikigoma, acha. Usigombane nayo."

Alfajiri ile Nashipai alisimama na wembe na kibuyu cha maziwa ya kulowesha nywele, akinisubiri mimi. Mkono wangu ulitamani plaizi. Nikairudisha skrubu nyuma, nikaisikia ikikaa kwenye njia yake, nikaizungusha kwa vidole viwili. Kamera ikatulia tuli. Nikapiga mara tatu, nikamwambia mama aendelee.

Niliposafisha filamu na kuona kila msokoto wa nywele umejitenga na mwenzake, niliketi sakafuni nikacheka peke yangu.

Nashipai aliipokea picha kwa mikono miwili. Akamtazama mwanawe aliyenyolewa, akairudia picha.

"Huyu hatanipotea," alisema.