Diski Isiyolia

Jioni ya kwanza darasani, mwalimu alituuliza mmoja mmoja tumekuja kutafuta nini. Karani mstaafu aliyekaa mbele alisema amechoka kumbembeleza mkwewe kila printa inapogoma. Kinyozi akasema anataka kufungua kibanda cha kutengeneza kompyuta. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Diski ya nyumbani imekufa, nataka kuifufua."

Darasa likacheka. "Basi wewe si fundi, binti yangu," karani akasema. "Wewe ni mganga."

Nikacheka nao. Sikuwaambia ndani ya diski kuna nani.

Kuna mwanangu wa kwanza. Tulimwita Kidoti, kwa sababu alizaliwa na alama ndogo nyeusi shavuni, kama vile mtu alijaribu kalamu pale kabla ya kuandika. Aliishi miezi saba. Homa ilimshika siku tatu, ya nne hakuiona. Picha zake zilikuwa kwenye simu yangu, na simu ilipojaa baba yake akazihamishia kwenye kompyuta. Kila mwezi tulisema tutakwenda kuzisafisha, tuzitie kwenye albamu, na kila mwezi kulizuka jambo. Baada ya msiba simu ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Miezi mitatu baadaye kompyuta nayo ikagoma: skrini nyeusi, na mstari mmoja mweupe unaosema diski haionekani. Mume wangu aliibeba begani kuipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili, akarudi nayo jioni ileile.

"Diski imekufa," alisema huku akiitua. "Picha hazirudi tena. Tumshukuru Mungu, tuanze upya."

Tukaanza upya. Akaja Bonge, ambaye ukimwona huulizi jina limetoka wapi. Sasa ana miezi kumi, na mikunjo ya mapaja yake huwezi kuikausha yote kwa taulo moja. Majirani walikuwa wameniita Mama Kidoti kwa miezi saba, kisha wakakaa zaidi ya mwaka hawajui waniite nani. Bonge alipozaliwa wakashusha pumzi. Mama Bonge, umeamkaje? Mama Bonge, anua nguo, mvua hiyo! Hata mume wangu. Nami niliitika.

Lakini siku moja nilikuwa namwogesha Bonge, nikamfuta shavu la kushoto, mkono ukasimama. Kidoti cha mwanangu kilikuwa shavu gani? Kushoto. Au? Nilijaribu kumkumbuka akinyonya, akilala, akikataa uji. Uso ulikuja bila alama, halafu alama ikaja bila uso. Nikajiambia ni kushoto, nikakazana hapo hapo, lakini moyo haukutulia. Nami singeweza kumuuliza baba yake. Mama gani anauliza swali kama hilo? Wiki ileile nikajiandikisha darasa la jioni.

Mwalimu tulimwita Mama Bisibisi, kwa sababu bisibisi yake ilikaa imechomekwa kwenye nywele siku zote. Alikuwa na sheria moja: macho kwanza, mikono baadaye. Kabla hujagusa kitu, uchore kwenye daftari unachokiona, waya hadi waya. Kisha unakagua kutoka ukutani kwenda ndani, bila kuruka hatua. Aliyeruka alifunga kila kitu na kuanza tena. Kinyozi alifungua na kufunga mashine moja mara sita jioni moja.

"Wewe ukinyoa unaanzia sikioni?" Mama Bisibisi alimuuliza.

"Inategemea na kichwa, mwalimu."

"Basi funga. Ya saba."

Mume wangu hakunipinga hata siku moja. Yeye ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na nondo za madirisha. Kila Jumanne na Alhamisi alitoka karakana mapema, akampokea mtoto mlangoni. "Haya nenda, injinia wangu." Nikirudi nilimkuta Bonge amemlalia kifuani, naye ameikazia macho ile kompyuta pale kwenye kona, imefunikwa kanga yangu kuukuu.

"Mmefika wapi?" huniuliza.

"Kwenye kumbukumbu."

"Diski lini?"

"Bado bado."

"Aha." Anarudi kuitazama.

Mwezi wa nne wa darasa tukafika kwenye diski. Mama Bisibisi alileta tatu mbovu, akaziwasha moja moja tuzisikilize. Moja ilikwaruza. Moja iligonga tik-tik-tik kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na mtu.

"Mara nyingi diski haifi kimya," alisema. "Italalamika. Itajikokota wiki nzima. Asiyesikia hataki tu kusikia."

Nikanyoosha mkono. "Yangu haikulia, mwalimu. Jana yake ilikuwa nzima kabisa."

"Haikugonga? Haikuchelewa kufungua?"

"Hata kidogo."

Aliichomoa bisibisi kwenye nywele, akanikabidhi. "Basi hiyo mimi siiziki bado. Kaifungue. Macho kwanza."

Jumamosi, mume wangu akiwa kazini na Bonge amelala, niliondoa kanga. Nilikagua soketi, waya wa umeme, kitufe. Nikafungua ubavu wa boksi, nikapangusa vumbi, nikaanza kuchora. Diski ilikuwa mahali pake. Waya wake mwembamba mwekundu, ule unaopitisha kila kilichohifadhiwa, haukuwa umechomekwa.

Waya huweza kulegea, hilo tulifundishwa. Lakini waya uliolegea huning'inia. Huu ulikuwa umekunjwa mara tatu, ukafungwa kwa utepe wa mpira wa tyubu: mizunguko miwili, ncha ikapitishwa chini kwa chini. Nalijua fundo lile. Ndilo linaloshika kamba yangu ya kuanikia nguo. Ndilo linaloshika chandarua cha Bonge na mpini wa ufagio wa jikoni. Katika nyumba yetu ni mkono mmoja tu unaofunga vile.

Nikalichora nalo.

Kuuchomeka kungenichukua pumzi moja. Nilifungua fundo, nikaushika waya, mkono haukuendelea. Nilimtaka anione nimeona. Nikakaa sakafuni na ule waya mkononi mpaka saa saba mchana.

Aliporudi alisimama mlangoni na kofia yake ya kuchomelea mkononi. Aliona boksi, akaona daftari, akaona waya.

"Fundi alisema imekufa," nikamwambia.

"Sikufika kwa fundi."

"Sasa ulikwenda wapi na kompyuta begani?"

"Nilizunguka uwanja wa shule. Mara mbili. Nikarudi."

"Baba Bonge, umeniacha nimsahau mwanangu."

"Ulikuwa huli!" Sauti ilimpanda, akatazama mlango wa chumbani, akaishusha. "Natoka asubuhi nakuacha mbele ya zile picha, narudi jioni nakukuta palepale. Chai niliyokuwekea imeganda utando juu. Kila siku. Nilikuwa nimeshazika mmoja. Nikasema wa pili simtoi."

"Ungeniambia."

"Nikwambie nini? Acha kumtazama mwanao? Ulimi ulikataa, mkono ukakubali." Alikaa chini, mgongo ukutani. "Nilisema mwezi mmoja tu. Ukaanza kula. Siku moja ukacheka. Nikaona nikisema utaacha tena. Kila siku ikawa ngumu kuliko jana yake."

"Na darasa je? Umenishikia mtoto miezi minne unajua ninachokitafuta?"

"Nilikuwa nakusubiri," alisema. "Mimi kukurudishia nilishindwa. Nikasema ukifika mwenyewe, umefika."

Nilikuwa na maneno tangu asubuhi, makali, nimeyapanga. Yakanitoka mengine kabisa.

"Sikumbuki kidoti kilikuwa shavu gani."

Akafungua mdomo anijibu. Mkono wake ukainuka, ukaenda kwenye shavu lake moja, ukahamia la pili, ukashuka. Nikaona naye hajui. Naye alikuwa amelifungia hilo peke yake, kama mimi.

"Mama Kidoti," alisema. Hakuna aliyeniita hivyo tangu siku ya mazishi. "Mama Kidoti, nisamehe."

Sikusema nimesamehe. Bado sijui kama siku ile nilikuwa nimesamehe. Nilimpa waya.

Mikono yake hushika chuma cha moto kutwa bila kutikisika, lakini waya ule mdogo ulikosa tundu mara mbili.

"Usisukume," nikamwambia. "Unaingia upande mmoja tu. Uzungushe."

Akauzungusha. Ukaingia.

Kompyuta iliunguruma, ikafikiri kwa muda mrefu kama kikongwe anayetafuta miwani, kisha ikafunguka palepale nilipoiacha. Picha ya kwanza ilikuwa Kidoti ndani ya beseni, amefumba jicho moja kwa sababu ya sabuni.

Kilikuwa shavu la kulia.

Baba yake aliliona nikiliona, akaufunika uso wake kwa kofia ya kuchomelea. Mimi nilikinyooshea kidole, nikakiacha hapo. Siku zote zile, kila nilipombusu katika mawazo, nilimbusu upande usio wake.

Chumbani Bonge aliamka akililia njaa. Baba yake akaenda kumchukua, akaniwekea mapajani, akapita jikoni. Nilimnyonyesha mwanangu nikiwa namtazama mwanangu, machozi yananidondokea kwenye mkono wake mnene naye hajali. Chai ilikuja. Mume wangu aliiweka karibu na kibodi, akabaki amesimama, macho kwenye kikombe.

Nikainywa ikiwa bado moto.