Bibi Harusi wa Kaole Asiyebebeka

Asubuhi ya Alhamisi Mwanaharusi alisugua mkebe kwa jivu na kumbi la nazi, akaujaza achari ya ndimu kwa ajili ya harusi ya bintiye, Dija. Zamani achari ya Kaole ilikaa mtungini. Lakini misafara ya Wazungu iliacha mikebe mitupu Bagamoyo, Kitwana mfua bati akawa anaiunga upya kwa risasi ya kuyeyusha, na nyumba isiyo na mkebe ikaonekana haijui mambo.

Dija alikuwa amewekwa ndani, ale, alale, anawiri, mpaka siku ya kubebwa mgongoni kwenda kwa mume. Bibi harusi asiyebebwa hana ndoa, hilo kila mtu analijua. Alikula wali kwa achari kila mlo. Hakunenepa. Alizidi uzito tu. Kitanda kikavunjika, akalala chini, sakafu ikabonyea umbo lake. Tumbo likamsokota, fizi zikawa samawati. Kisha vitu vikaanza kuvutika upande wake: taa ya ukutani, kuku wapitao mlangoni, kivuli cha mpapai hata jua likiwa upande mwingine. Dija alisema usingizi unamtiririka ndani ya mifupa, na ni mtamu.

Kungwi wake, Mwanaasha, akainama amjaribu mgongoni. Hakuweza kuinuka naye. Wakaja wanawake wa mtaa, wakashindwa wote pamoja.

"Shoga, mwanao unamlisha nanga?" Mwanaasha akamuuliza Mwanaharusi.

"Wali na achari."

Mwanaasha akachungulia mkebeni. Maungio yalikuwa yamelika.

"Ndimu imekula risasi, na mtoto amekula ndimu. Rudisha mtungi."

"Mtungi? Wakwe waseme tumetoka porini? Thubutu."

Siku ya harusi ikafika na Dija hakubebeka. Wakwe wakashauriana barazani, wakaona si neno: mke mzito hatoroki. Basi akabebwa bwana harusi, Husseni, mgongoni kwa Mwanaasha, kwa vigelegele, miguu yake ikiburuzika chini. Alipofika kizingitini kwa Dija hakuhitaji kubebwa tena; alitelezea ndani mwenyewe, taratibu, pamoja na kofia za wageni.

Tangu hapo Kaole wanaobebwa ni waume.

Jioni ile Dija hakuweza kuinua mkono. Mama yake akakaa ubavuni, akafinya tonge la wali, akalichovya mkebeni.

"Achama, mwanangu."

Dija akaachama.