Manjano Kabla ya Arobaini

Makofi ndiyo aliyoyasikia kwanza. Makofi ya watu wengi, yakipigwa kwa mpigo mmoja, na juu yake sauti za wasichana wakiimba wimbo wa kambi. Nashed alikuwa bado nyuma ya mitende, akimswaga punda aliyevuta mkokoteni wa magogo, na mbele yake hakuona kitu ila vumbi. Akasimama. Kichochoro kile hakikuwa kimesikia hata redio tangu maiti ya kijana Ghali iletwe kutoka Kairo ndani ya sanduku.

"Nani karukwa na akili huko?" akamuuliza punda, kisha akamchapa, wakaenda mbio.

Alipopinda kona aliiona nyumba ya Mama Ghali. Ilikuwa ya manjano. Si manjano ya udongo uliochakaa, bali manjano ya kiini cha yai, kuanzia msingi hadi dirishani. Kando ya mlango palichorwa mioyo myekundu, na juu ya mlango, kwa herufi za buluu zilizoonekana hadi kwenye mfereji, pameandikwa: FURAHA.

Mbele ya ukuta walikuwako vijana wa msafara wa kanisa kutoka Kairo, wote katika fulana nyeupe zenye msalaba, rangi imewatapakaa hadi masikioni. Mmoja alikuwa ameinua simu anapiga picha. Katikati yao alisimama Mama Ghali katika nguo zake nyeusi. Walikuwa wamempa brashi. Aliishika kama mtu aliyeshikishwa panya mfu.

Katika kijiji kile nyumba yenye msiba haiguswi na chokaa mwaka mzima. Sikukuu ikifika haiokwi mikate ya sukari, na anayekuja kutoa pole hunyweshwa kahawa chungu. Mwanamke ambaye ukuta wake unang'aa kabla ya arobaini ya mwanawe, watu husema neno moja tu juu yake: huyo amekwisha kulia. Wakristo walijua hivyo na Waislamu walijua hivyo. Isipokuwa wale walioshuka kwenye basi.

Nashed ndiye aliyekuwa mtumishi wa kanisa wa kutembelea nyumba za wajane. Ndiye aliyemwomba Abuna Bisada, kasisi wao, kwamba msafara ukija usaidie kazi moja tu: paa la Mama Ghali, lililobomoka upande mmoja mvua kubwa ilipopiga. Asubuhi ile aliwaacha pale na majembe na ngazi, akaenda kijiji cha pili kuleta magogo ya mitende. Amerudi na magogo, amekuta mioyo.

"Nani amewaambia mpake?" aliuliza. Sauti yake ilikata wimbo katikati.

Kiongozi wao, Injinia Raafat, mtu mnene mwenye uso wa ukarimu, alimjia mikono imefunguliwa. "Karibu, ndugu mtumishi! Tazama ilivyopendeza. Nyumba ilikuwa inatia huzuni."

"Ina huzuni kwa sababu ina msiba!"

"Ndiyo maana tumemletea furaha."

"Mlimuuliza?"

"Tulimuuliza rangi anayoitaka. Mama, si tulikuuliza?"

Mama Ghali alitazama chini. "Waliniuliza, mwanangu. Nikawaambia, kama mtakavyo. Wamefanya kazi tangu asubuhi, hata maji hawajanywa. Mungu awape afya."

Nashed alihisi kichwa kinamchemka. Mwanamke wa huku hamwambii mgeni "hapana," sembuse mgeni aliyekuja kwa jina la kanisa. Angesema "kama mtakavyo" hata wangekuja na mafuta ya taa na kiberiti. Yeyote aliyezaliwa hapa angesikia kukataa kwake.

"Na paa?"

"Paa ni kazi ya mafundi," Raafat alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Sisi tunaondoka alasiri. Vijana wanahitaji kazi watakayoiona imekwisha."

"Kwa hiyo mmekuja kujikamilishia nyinyi!"

Watoto waliokuwa wakigombea peremende walitawanyika ghafla. Mzee Ghattas, kaka wa marehemu mumewe Mama Ghali na mkubwa wa ukoo wote, alikuwa amesimama penye mdomo wa kichochoro, amekita fimbo. Hakuingia. Aliusoma ukuta pole pole, toka mlango hadi dirisha.

"Mke wa ndugu yangu," alisema, "hongera kwa harusi."

Mama Ghali aliachia brashi ikaanguka.

"Keshokutwa Jumapili ni arobaini ya mwanao. Mimi na wanangu hatuketi chini ya ukuta huu. Tutamwombea kijana kwetu."

Akageuka, akaenda zake. Asipoketi Ghattas, haketi mtu wa ukoo. Mama Ghali angebaki na birika lake la kahawa na mabenchi matupu, na Ghali, aliyekufa kwa kuanguka kwenye jengo la watu alikokuwa kibarua, angepita arobaini yake kama mtu asiye na kwao.

Msichana mmoja mwembamba, mikono yake ina rangi ya buluu hadi viwikoni, alimsogelea Nashed. Jina lake Karolin. "Mbona yule mzee anampongeza kwa harusi?"

"Kwa sababu mmempambia nyumba kama bibi arusi, na mwanawe hata udongo haujamkaukia! Wewe ndiye uliyeandika hilo neno?"

"Mimi."

"Umeandika vizuri. Hata vipofu watalisoma."

Uso wa msichana ukabadilika.

"Ndugu, hatukujua," Raafat akaingilia. "Nia yetu ilikuwa njema. Mungu hutazama moyo."

"Mungu autazame moyo wako! Ghattas anatazama ukuta!" Nashed aliokota jembe, akamsukumia kifuani. "Shika. Kwangueni. Kisha tukande udongo, tukandike upya. Mpo wengi, tutamaliza."

"Basi halisubiri. Jioni tuna ibada mjini, na vijana hawa wametoa likizo yao. Usiwavunje moyo."

"Na moyo wa huyu?"

"Tutamkumbuka katika sala."

"Msimkumbuke! Mkimkumbuka tena atahamia makaburini!"

Honi ililia barabarani. Vijana wakaanza kukusanya ndoo, mmoja mmoja, hakuna aliyeimba. Wawili watatu walimbusu Mama Ghali kichwani, naye akawaombea safari njema, maana hakujua namna nyingine ya kuagana na wageni. Nashed aliwafuata hadi mlangoni mwa basi akiwatupia maneno ambayo mtumishi wa kanisa hatakiwi kuyajua.

"Karolin! Panda!" Raafat aliita.

Msichana alikuwa bado ukutani. "Nitapanda treni kesho. Leo nitalala kwa mkewe Abuna."

"Nitamwambia nini baba yako?"

"Mwambie niliharibu kitu."

Basi likaondoka. Nashed alibaki barabarani akilipigia kelele vumbi lake, mpaka sauti ilipomjia kwa nyuma.

"We Nashed! Kelele zako nimezisikia hadi zizini." Alikuwa Hajati Naima, jirani wa mlango wa pili, ana furushi la makapi ya ngano kichwani. "Ukimaliza kuwatukana waliokwisha kwenda, njoo ukanyage udongo. Miguu unayo, si mdomo tu."

"Hajati, wamemdhalilisha!"

"Nimeona. Na wewe hasira yako haikwangui rangi. Vua viatu."

Akavua. Walichota udongo wa mfereji, wakauchanganya na makapi na samadi, naye akaukanyaga kama anayekanyaga shingo ya mtu. Wanawake wa kichochoro walitoka na visu vya jikoni na vipande vya matofali.

"Nianze wapi?" Karolin aliuliza.

"Pale penye neno lako," Nashed alijibu bila kumtazama.

Karolin akapanda ngazi. Rangi ilikuwa mbichi, ilitoka pamoja na udongo wa ukuta na kumwingia machoni. Alikuwa amefika herufi ya pili Mama Ghali alipotoka ndani na jembe. Wanawake walitaka kumzuia, akawasukuma. Akaupiga ukuta, akaupiga tena, vipande vya manjano vikaruka.

"Waliniletea viatu vyake ndani ya mfuko!" alipiga kelele. Tangu mazishi hakuna aliyemsikia akipaza sauti. "Mwenye jengo hakuja hata kunipa mkono! Nanyi mnakuja kuniimbia! Mnanishikisha brashi! Nicheke kwenye simu yenu!" Kila neno na jembe lake. "Nilisema nataka paa! Paa! Nani alisikia?"

Karolin, juu ya ngazi, alikuwa analia na kukwangua, na hakuomba msamaha, maana angeomba, Mama Ghali angelazimika kumpa.

Jumamosi alasiri ukuta ulikuwa wa udongo tena, bado unyevu, umejaa alama za viganja. Mzee Ghattas alikuja. Safari hii aliingia kichochoroni. Akauchoma ukuta kwa ncha ya fimbo, akaitazama ncha.

"Huyu wa mjini ni nani?"

"Ndiye aliyepaka," alisema Hajati Naima.

"Na aliyekandika?"

"Ndiye huyo huyo, pamoja na sisi."

Mzee aliguna. Akalivuta benchi hadi chini ya ukuta, akajiweka. "Mke wa ndugu yangu, kahawa ipo?"

"Ipo, shemeji. Chungu."

"Wanangu watakuja kesho na mabenchi yao. Haya yako hayatatosha."

Mama Ghali aliingia ndani haraka. Kupitia mlangoni walimwona, chini ya tundu la paa, akijifuta uso kwa ncha ya shela. Nashed hakufurahi. Aliliangalia tundu lile, kisha magogo yake, yangali juu ya mkokoteni vilevile yalivyokuja, na hasira ikampanda upya. Mama alipotoka na birika, alisimama mbele yake.

"Mama Ghali, nakuahidi, na Mzee Ghattas anasikia."

"Usiape kwa hasira, mwanangu."

"Hasira ninayo, na naahidi nayo. Jumatatu napanda juu ya nyumba hii, na sishuki kwa msafara wala kwa Abuna mpaka tundu lile lizibwe. Na mtu wa kanisa, wa hapa au wa Kairo, hatagusa ukuta wako mpaka wewe umwite kwa kinywa chako. Hata mimi. Mwaka ukiisha nitakuja kukuuliza rangi. Ukiniambia 'kama mtakavyo,' nitabeba ndoo yangu nirudi, nije tena kesho yake, na kesho yake, mpaka uitaje."