Malaika wa Kigutuni

Seremala aliyeitwa Randa hakukatwa mguu na msumeno, kama wateja wapya walivyodhani. Lilikuwa lori lililorudi nyuma bila dereva kutazama, na mguu wake wa kulia ukakatwa chini kidogo ya goti. Mguu wa bandia aliuzoea upesi. Kilichomshinda ni malaika, vile vinywele vya kawaida vya mwilini. Vilivyoota kwenye kigutu, kipande cha mguu kilichobaki, vilisuguliwa siku nzima na soksi nene ya mpira, vikajikunja, vikarudi ndani ya ngozi na kutunga usaha. Jipu likitoka, mguu wa bandia unawekwa pembeni na Randa anarudi kwenye magongo. Na mtu wa magongo hasukumi randa kwa mikono miwili.

"Malaika gani hawa," alimwambia mkewe, akijikanda ukingoni mwa kitanda. "Hawa wametumwa na shetani."

Mkewe, ambaye alikuwa msusi, alicheka, lakini kicheko hakikufika moyoni. Alikuwa akiiona milango isiyokamilika ikiegemea ukuta wa karakana, na mumewe akizidi kuwa mkimya. Alishajaribu kumnyoa kwa wembe, ikawa kumpiga chura teke: vinywele viliota upya, vikali kuliko mwanzo.

Siku moja mdogo wa kike wa msusi, mpokea wageni wa hoteli, alikuja kuwatembelea na kifaa chake cha kuondolea nywele miguuni. Kilikuwa kidude cheupe cha kushika kiganjani, kinachopiga mwanga mkali kwenye ngozi na kudhoofisha mzizi wa unywele. Msusi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kinafaa kwa mwanamume.

Randa alikataa katakata. Boksi lenyewe lilikuwa na picha ya mwanamke akijipapasa muundi.

"Shemeji," mdogo wa mkewe akamwambia, "huo mwanga hauulizi nani kavaa gauni."

Hata hivyo msusi hakutaka kubahatisha. Walikwenda kwanza kliniki ya miguu ya bandia. Mtaalamu wa pale akailinganisha ngozi ya Randa, ya maji ya kunde, na chati ya rangi iliyokuja na kifaa. Akasema inafaa, ila kwa shida. Ingekuwa nyeusi zaidi ingeungua. Akawaonya wasipige juu ya kidonda wala kovu, wajaribu kwanza sehemu ndogo, waanze na kiwango cha chini, na waipe ngozi wiki kadhaa za kupumzika kabla ya kurudia.

Jipu la mwisho lilipopona, msusi alikinyoa kigutu, akakikausha, akamwambia mumewe afumbe macho. Mwanga ulipiga. Randa alisema ni kama kuchapwa na mpira wa kufungia noti. Chumba kikanuka nywele zilizoungua, nao wakafungua dirisha wakicheka.

Wiki zilipita, vinywele vikaota kama kawaida, na Randa akaishiwa subira. Mkewe alipokuwa saluni, alikichukua kifaa mwenyewe, akakipandisha hadi kiwango cha juu kabisa na kupiga pale pale mara kwa mara. Msusi aliporudi alimkuta ameweka kitambaa chenye maji juu ya malengelenge.

Hakupaza sauti. Alikaa karibu naye.

"Ulikuwa na haraka ya nini?"

Randa alikigeuza kitambaa. "Nimechoka kukuona ukinibebea mbao."

"Mimi nashinda na kichwa kimoja tangu asubuhi mpaka jioni," mkewe akasema. "Nikivuta kwa pupa, mtu ataondoka na upara. Kigutu chako nacho ni hivyo hivyo. Nipe hicho kidude."

Akampa. Tangu hapo msusi ndiye aliyekishika. Walingoja ngozi ipone kabisa, wakarudi kwa mtaalamu aitazame, wakaanza upya taratibu. Miezi ilivyokwenda, malaika walipungua, kwanza kwa mabaka, kisha wakabaki wachache, wembamba, wasio na nguvu ya kujichimbia. Vinywele havikwisha vyote, na mtaalamu alisema watahitaji kurudia mara moja moja. Lakini majipu yalikoma.

Asubuhi moja msusi alipitia karakana kabla ya kwenda saluni. Milango ilikuwa imeshachukuliwa na wenyewe. Randa alikuwa amesimama kwenye meza ya kazi, maranda yamemjaa kifuani, akizungumza na mwalimu mkuu wa shule ya awali aliyetaka madawati ya darasa zima.

Mwalimu alipotoka kidogo kupokea simu, msusi akamsogelea mumewe na kumuuliza kwa sauti ya chini kama ataiweza kazi kubwa kiasi hicho.

"Sijui," Randa akasema. "Lakini nataka kujua."

Mwalimu akarudi. Randa akachomoa penseli sikioni na kumuuliza mwalimu kimo cha mtoto mdogo kuliko wote darasani.